UZI: Tunachokiita "Kihindi" mtaani si lugha moja. Niliyoyaona nikimuuguza mama Chennai

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mama yangu aliuza kanga zaidi ya miaka ishirini. Mzigo aliuchukua kwa jumla kwenye duka la familia moja ya Kihindi pale Kariakoo, na kwa kuwasikiliza wenye duka wakihesabu doti, naye akaishika hesabu yao: ek, be, tran, char, panch. Nyumbani tulijua kwamba mama anajua Kihindi. Mimi cha kwangu nilikiokota kwenye filamu: pani, paisa, kitna, chalo, dost. Kwa hiyo alipopata rufaa ya kwenda India kutibiwa moyo, tulihangaikia hela na viza. Suala la lugha hatukuliwaza hata kidogo.

Tukafikia Chennai. Asubuhi ya pili nikashuka kununua maji kwenye kiduka jirani na nyumba ya wageni. Mzee amekaa nyuma ya mitungi ya peremende. Nikamwambia "pani". Akanitazama. Nikarudia, nikaongeza "kitna" ili ajue naulizia bei. Akamwita kijana wake, wakasemezana, kijana akaniuliza kwa Kiingereza kama ni maji ninayotaka. Mzee akatoa chupa, akaigonga kwa kidole, akasema taratibu: "Thanni." Akabaki ameishikilia mpaka nami nikasema thanni. Ndipo akapokea hela.

Wodini mambo yakazidi. Chumba kilikuwa cha vitanda vitatu. Nesi wa zamu ya usiku alitoka Kerala, na wenzake wa kwao aliongea Kimalayalam. Akimgeukia mama wa usafi, Kitamil. Daktari akiingia, Kiingereza. Kitanda cha katikati alilala mama mmoja kutoka Kolkata, ambaye lugha yake ni Kibengali. Huyo nesi alimsemesha kwa Kihindi cha kuungaunga, naye akamjibu kwa Kihindi cha kuungaunga, kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa nacho. Chumba kimoja, saa sita usiku, lugha tano, na ya sita ni hii yetu niliyokuwa nikimnong'oneza mama.

Siku moja mama akaona amsaidie jirani yake kuhesabu vidonge. Akaanza: ek, be, tran... Yule mama alielewa ek. Char na panch alizielewa pia. Be na tran zilimpita kabisa. Kwake yeye ni ek, dui, tin. Nesi akaingilia kwamba kwa Kihindi ni ek, do, tin. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mama, miaka yote ile, alikuwa anahesabu Kigujarati.

Nimeleta uzi huu kwa sababu neno letu "Kihindi" linatuficha mengi. Linabeba lugha ya Delhi, linabeba ya mwenye duka wa Kisutu, linabeba ya fundi Singasinga wa Nairobi, linabeba na ya kila filamu yenye kuimba. Na wapo kati ya wenye lugha hizo wasioelewana hata kwenye kuomba maji. Tuongee.

#2 – Mchangiaji, Tanga

Nimeweka kambi hapa. Kwanza mama anaendeleaje?

#3 – Mleta uzi

Ahsante sana mkuu. Anaendelea vizuri, anatembea, kliniki anahudhuria hapahapa nyumbani. Mungu ni mwema.

Niendelee na noti. Yeyote mwenye noti ya rupia 100 nyumbani aitoe. Upande wa mbele thamani imeandikwa kwa Kihindi na Kiingereza. Geuza nyuma, utaona kisanduku kirefu cha mistari midogo, na kila mstari una maandishi ya namna yake. Ipo mistari 15: Kiassam, Kibengali, Kigujarati, Kikannada, Kikashmiri, Kikonkani, Kimalayalam, Kimarathi, Kinepali, Kiodia, Kipunjabi, Kisanskriti, Kitamil, Kitelugu na Kiurdu. Noti moja, lugha 17. Nilikuwa naitazama usiku ninaposubiri mashine ya mama ilie ndipo nimwite nesi. Kimarathi, Kinepali na Kisanskriti hutumia herufi zilezile za Kihindi, zile zinazoning'inia chini ya mstari kama nguo kwenye kamba. Kitamil kina herufi zake. Kitelugu zake. Kipunjabi zake. Kiurdu kinaanzia kulia kama Kiarabu. Mtu wa Chennai aliyesoma mpaka chuo kikuu akishuka Kolkata anaweza asijue hata ubao wa choo unasema nini, asipoona mchoro au Kiingereza.

Na hizo 17 ni za noti tu. Katiba yao, iliyoanza kutumika tarehe 26 Januari 1950, ilikuwa na jedwali la lugha 14. Kisindhi kikaongezwa 1967. Mwaka 1992 zikaingia Kikonkani, Kimanipuri na Kinepali. Baadaye Kibodo, Kidogri, Kimaithili na Kisantali, zikawa 22, na zipo nyingine nyingi ambazo wenyewe wanadai nazo ziingizwe.

#4 – Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, ila hizi nyingi si lahaja tu? Kama Kimvita na Kiunguja? Naona unazikuza.

#5 – Mleta uzi

Swali zuri, na nilianza na fikra hiyohiyo. Chukua neno maji.

Kihindi, Kiurdu, Kigujarati, Kipunjabi: pani. Kibengali: jol. Kitamil: thanni. Kitelugu: nillu. Kikannada: niru. Kimalayalam: vellam. Kimanipuri: ising. Kimizo: tui. Kikhasi: um.

Hizo hazitoki kwa mama mmoja. Za kaskazini na kati, Kihindi, Kibengali, Kimarathi, Kigujarati na nyinginezo, ni ukoo mmoja na Kisanskriti, lugha yao ya kale ya dini, na kwa mbali sana zina undugu na Kiajemi na hata Kiingereza. Za kusini, yaani Kitamil, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam, ni ukoo wa Kidravidi. Hazina undugu huo hata wa mbali, ingawa zimeazima maneno mengi ya Kisanskriti. Kaskazini mashariki, milimani kuelekea Burma, wana ukoo unaowaunganisha na Tibet. Kisantali na wenzake wa misitu ya mashariki wana undugu na lugha za Vietnam na Kambodia. Umbali kati ya Kitamil na Kihindi, kwa kipimo chetu, ni kama Kinyamwezi na Kimaasai. Si Kimvita na Kiunguja.

Hata ndani ya ukoo mmoja kuna mitego. Nesi wetu alimwambia mama wa usafi kwamba kuna "vellam" chini ya kitanda, kwao Kerala ni maji. Mama wa usafi akashtuka, akaja mbio na ndoo na madekio, kwa sababu kwa Kitamil vellam ni mafuriko.

Ila lahaja pia zipo, hapo hujakosea, na ndipo hesabu inapovurugika. Sensa ya 2011 iliwauliza watu lugha ya mama ni ipi. Majina yaliyoandikwa yalifika 19,569. Wataalamu wakachambua, wakaunganisha, wakabaki na lugha za mama 1,369. Wakazikusanya tena kwenye makundi, na yale yenye wasemaji 10,000 na kuendelea yakawa lugha 121. Utafiti mwingine wa kijamii ulioongozwa na Ganesh Devy, ambao haukuweka mpaka huo wa watu 10,000, ulitoa lugha 780.

Kihindi chenyewe kwenye sensa hiyo kimepewa watu milioni 528, sawa na asilimia 43 na ushei. Ukifungua ndani unakuta waliosema wazi kwamba lugha yao ni Kihindi ni kama milioni 322. Waliobaki ni wasemaji wa Kibhojpuri, zaidi ya milioni 50 peke yao, wa Kirajasthani, wa Kichhattisgarhi na wengine, wote wamewekwa chini ya mwamvuli huo. Wabhojpuri wengi hawakubali kwamba lugha yao ni tawi la Kihindi. Lugha ya watu milioni 50 haina nafasi kwenye lile jedwali la 22, wakati Kisanskriti kipo na waliokiandika kama lugha ya mama walikuwa 24,821. Hili mimi linaniuma, nasema wazi.

#6 – Mchangiaji, Dodoma

Sasa kwa nini wasifanye kama sisi? Mwalimu alituwekea Kiswahili, mambo yakaisha. Wao wana Kihindi, wakitangaze kuwa lugha ya taifa waendelee na maisha.

#7 – Mleta uzi

Mkuu, walitaka. Na watu walikufa.

Kwanza, India haina lugha ya taifa kisheria. Wengi hatulijui hilo, na hata Wahindi wengi wa kaskazini hawalijui. Katiba inakiita Kihindi lugha rasmi ya serikali kuu, ikaruhusu Kiingereza kiendelee kwa miaka 15. Maana yake tarehe 26 Januari 1965 Kiingereza kingeondoka. Huko kusini, jimbo la Madras lilikuwa na kumbukumbu: 1937 kiongozi wa serikali ya jimbo, Rajagopalachari, alilazimisha Kihindi mashuleni, watu wakaandamana mpaka kikaondolewa. Ilipofika 1965 wanafunzi waliingia barabarani, risasi zikapigwa, na wapo waliojimwagia mafuta na kujichoma moto kwa ajili ya Kitamil. Waziri mkuu Shastri akalazimika kuahidi kwamba Kiingereza kitabaki. Mwaka 1967 chama cha DMK kilichosimama na Kitamil kikashinda uchaguzi wa jimbo, na tangu hapo Congress, chama kilichokuwa kikilitawala, hakijawahi kurudi kuliongoza. Miaka miwili baadaye jimbo likabadilishwa jina, likawa Tamil Nadu.

Kwa nini wakali hivyo? Nilimuuliza dereva wetu wa bajaji, kijana msomi tu. Akaniambia hivi: mtihani wa kuingia serikalini ukiwa kwa Kiingereza, mimi na mtu wa Delhi sote tunajifunza lugha ya mgeni. Ukiwa kwa Kihindi, yeye anaandika lugha aliyoinyonya kwa mama yake, mimi nahangaika na tafsiri.

Hapo ndipo tofauti na sisi. Kiswahili hakikuwa cha Wasukuma wala cha Wachaga. Msukuma alijifunza, Mhaya alijifunza, Mgogo alijifunza. Fikiria tungeambiwa mwaka 1962 kwamba kuanzia leo ofisi zote ni Kisukuma kwa kuwa Wasukuma ndio wengi. Wewe wa Dodoma ungesemaje?

Na wao walikwenda njia nyingine kabisa: majimbo waliyagawa kwa lugha. Bwana mmoja, Potti Sreeramulu, alifunga kula mjini Madras mwaka 1952 akidai jimbo la wasemaji wa Kitelugu. Siku zikapita hamsini na kitu, akafa tarehe 15 Desemba. Fujo zikalipuka, na Oktoba 1953 jimbo la Andhra likazaliwa. Mwaka 1956 ramani yote ikachorwa upya kwa kufuata lugha. Tarehe 1 Mei 1960 jimbo la Bombay likakatwa vipande viwili, Gujarat ya Kigujarati na Maharashtra ya Kimarathi.

Nagaland nao wana makabila mengi kila moja na lugha yake, hakuna iliyokubali kuwa chini ya mwenzake, wakachagua Kiingereza kuwa lugha rasmi. Sokoni wanaelewana kwa Kinagamese, lugha iliyozaliwa kwa kuchanganyika na Kiassam.

#8 – Mchangiaji, Mombasa

Shukrani ndugu yangu kwa uzi. Hapa kwetu Kenya serikali iliwatambua Wahindi kuwa kabila la 44 mwaka 2017, lakini nimekaa nao Mombasa tangu utoto na ninakwambia hilo kabila moja lina lugha chungu nzima. Wahindu wa koo za Patel na Lohana Kigujarati. Masingasinga Kipunjabi, wazee wao wengi walikuja na reli ya 1896 hadi 1901. Wagoa Kikonkani, na nyumbani Kiingereza. Makhoja wengi na Wamemoni Kikutchi. Kikutchi hicho wengine hudhani ni Kigujarati, siyo, kiko karibu zaidi na Kisindhi. Rafiki yangu wa Kikhoja akiongea na nyanya yake, kila sentensi ya tatu ina Kiswahili ndani yake.

#9 – Mleta uzi

Umenena kweli. Na kwenye sensa yao India, hicho Kikutchi kimehesabiwa chini ya Kisindhi, kwa hiyo lugha ambayo Dar na Mombasa tunaisikia kila siku, ukifungua jedwali lao kubwa huioni jina. Ongeza na Mabohora. Wao Kigujarati chao kimejaa Kiarabu na wanakiandika kwa herufi za Kiarabu, wanakiita Lisan ud-Dawat. Baba mmoja Bohora na baba mmoja Patel, maduka yanatazamana, wanasikilizana wakizungumza, lakini barua ya mmoja mwenzake hawezi kuisoma.

Kigujarati nacho tumekila kwa wingi bila kujijua. Gari, laki, bima, chapa, dobi, bangili, godoro, kachumbari: yote yalivuka bahari kutoka upande ule.

#10 – Mchangiaji, Muscat

Nipo Oman mwaka wa tisa. Huku ukiingia dukani au hospitali, usianze na Kihindi. Wengi ni watu wa Kerala, Kimalayalam tu. Na kuna Waomani kabisa, Walawatia wa Matrah, wana lugha yao ya nyumbani yenye asili ya Sindh, karibu na hicho Kikutchi mnachokisema. Mimi Kiswahili ndicho kimenisaidia zaidi ya vyote, kwa hawa Waomani wenye asili ya Zanzibar.

#11 – Mchangiaji, Morogoro

Mimi mambo yangu ni muvi. Mkuu, zile zinazotafsiriwa na madijei wetu zote si za Bollywood?

#12 – Mleta uzi

Hapana, mkuu. Bollywood ni Mumbai, filamu za Kihindi, na hata Mumbai kwenyewe lugha ya jimbo ni Kimarathi. Zile za mapigano makubwa, mtu anapiga teke gari linaruka, nyingi zimepigwa Hyderabad kwa Kitelugu au Chennai kwa Kitamil, kisha zikaingizwa sauti za Kihindi ndipo zikatufikia. Ule wimbo wa filamu uliochukua Oscar mwaka 2023 ni wa Kitelugu. Watu wa Hyderabad huumia kuona dunia nzima inawaita Bollywood.

Na kwa kuwa mmefika kwenye nyimbo: wimbo wa taifa wa India uliandikwa na mshairi Tagore, Mbengali, kwa Kibengali chenye Kisanskriti kingi. Wa Bangladesh nao ni wake huyohuyo. Kwa hiyo nchi ambayo wengine wanataka Kihindi kitawale, wimbo wake wa taifa haukutungwa kwa Kihindi.

#13 – Mchangiaji, Zanzibar

Kuna kitu hujakigusa. Wale wenzetu weusi wa Gujarat, Masidi. Wao wanasema nini?

#14 – Mleta uzi

Ahsante kwa kukumbusha. Masidi ni wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kule karne nyingi zilizopita, wengine utumwani, wengine ubaharia na uaskari, na sehemu kubwa walitoka pwani hii yetu. Walioko Gujarat leo lugha yao ni Kigujarati. Walioko Karnataka wanasema Kikonkani na Kikannada. Kiswahili kilipotea midomoni. Lakini ngoma yao ya ibada, wanayoipiga mbele ya kaburi la mtakatifu wao Bava Gor, mpaka leo wanaiita "goma". Niliposikia neno lile nilikaa kimya muda mrefu.

Lugha ikishapotea hairudi. Januari 2010 visiwani Andaman alifariki bibi Boa Sr, msemaji wa mwisho wa Kiaka-Bo. Wazazi wake walikwishakufa zamani, na kwa miaka mingi hakuwa na mtu wa kusema naye kwa lugha hiyo. Kisantali, kwa upande mwingine, kilipata mtetezi: Raghunath Murmu alikitungia herufi zake chenyewe mwaka 1925, Ol Chiki, na leo kimo katika zile lugha 22.

#15 – Mchangiaji, Iringa

Mkuu, nampeleka baba Vellore mwezi ujao. Figo. Sijui hata neno moja. Nifanyeje?

#16 – Mleta uzi

Pole sana kwa baba, Mungu amtangulie.

Vellore iko Tamil Nadu hiyohiyo, kwa hiyo Kihindi cha muvi kiache nyumbani. Madaktari utaelewana nao kwa Kiingereza. Shida ni usiku, kwa wasaidizi wa wodi, na huko mtaani. Shika haya machache. Maji ni thanni. Maumivu ni vali, wakimuuliza baba "vali irukka?" wanauliza kama ana maumivu. Inatosha ni podhum, wanapompakulia wali mwambie aliseme mapema. Watakuuliza "saptingala?", maana yake umekula? Kwao ni kama salamu, jibu tu, usione wanakupeleleza. Mama mtu mzima mwite amma, baba mtu mzima mwite ayya, dereva aliyekuzidi umri mwite anna, dada mkubwa akka. Ukianza na anna, hata bei ya bajaji inazungumzika.

Kisa cha sisi: mabasi ya pale Chennai mengi yameandikwa Kitamil kitupu, nami nilipotea mara mbili mpaka nikazoea kushika namba badala ya jina. Jina la mtaa unaofikia mwombe mtu wa mapokezi akuandikie kwa Kitamil kwenye karatasi, utembee nayo mfukoni. Na usishangae ukikuta mabango ya hoteli na chakula kwa Kibengali: wagonjwa wengi wa Vellore hutoka Bengali na Bangladesh.

Mama yuko hapa pembeni, anasema nikuongezee hesabu: onnu, rendu, munu, nalu, anju. Alifundishwa na mtu wa mazoezi siku ya tatu baada ya upasuaji, hatua moja namba moja, kutoka kitandani mpaka dirishani. Kwa Kigujarati chake, anasema, yule bwana alikuwa hamwelewi ameshafika wapi.